Maadili ya Utafiti kwa Watu Walio Katika Hali Hatarishi: Mwongozo kwa Mtafiti Anayefanya Kazi kwa Kiswahili Nchini Uganda

Mwanafunzi wa uzamili anayeondoka Kampala au Mbarara kwenda kuwahoji wakimbizi wa Kikongo katika makazi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali huwa ameshafundishwa misingi yote. Anajua kwamba Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, zilitanguliza ridhaa ya hiari ya mshiriki, na kwamba Azimio la Helsinki la mwaka 1964, la Chama cha Madaktari Duniani, limerekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2024. Ugumu unamkuta pale anapoketi mbele ya mama mwenye kadi ya mgao wa chakula mkononi, anayeitikia "ndiyo" kwa kila jambo kwa sababu hajui "hapana" itamgharimu nini. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtafiti huyo, na katika kila hatua unauliza swali moja: je, huyu ninayemwomba anaweza kukataa na kuendelea na maisha yake bila kupoteza chochote?

Hatua ya kwanza: pima hali ya mtu kabla ya kutaja kundi lake

Makundi yaliyo hatarini hutajwa kwa orodha inayojulikana: watoto, wajawazito, wafungwa, wakimbizi, watu wenye matatizo ya akili, wagonjwa mahututi. Orodha hiyo inafaa kwa kujaza fomu, lakini inaweza kumpotosha anayeitegemea peke yake. Mfanyabiashara wa Kikongo mwenye duka la vitenge huko Nakivale ni mkimbizi kisheria, na bado anaweza kukuambia utoke dukani kwake bila wasiwasi wowote. Ilhali mfanya usafi wa hospitalini, raia mwenye kitambulisho cha taifa, akiombwa damu ya utafiti na daktari mkuu wa wodi anamofanyia kazi, atanyoosha mkono hata kama moyo umekataa. Kwa hiyo, kabla hujaandika pendekezo la utafiti, jibu kwa maandishi maswali matatu kuhusu kila kundi unalotaka kulifikia: watu hawa wanamtegemea nani kwa chakula, dawa, ajira na usalama, je, mimi au yeyote nitakayeandamana naye ataonekana kuwa na sauti katika mambo hayo, na mtu akikataa, nani atajua.

Katika makazi ya wakimbizi swali la pili lina uzito wa pekee. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, na mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa msaada kwa makundi kulingana na uhitaji wa kaya, ambapo baadhi ya kaya ziliondolewa kabisa kwenye mgao. Katika mazingira hayo, anayepita na dodoso akiuliza watu wanakula mara ngapi kwa siku na wana mbuzi wangapi anadhaniwa kirahisi kuwa ndiye anayepanga makundi. Mbuzi watafichwa, milo itapunguzwa kwa maneno, na mtafiti atarudi na takwimu mbovu alizozipata kwa kuwatia watu hofu.

Hatua ya pili: eleza kwa nini kundi hili, na utafanya nini na utakachokigundua

Kama swali lako linaweza kujibiwa na watu wenye uwezo mkubwa zaidi wa kukataa, nenda kwao. Urahisi wa kuwapata watu mahali pamoja, wakiwa wamepanga foleni ya maji au ya dawa, hauwi sababu ya kuwachagua. Utafiti wa Tuskegee huko Marekani, uliowafuatilia wanaume weusi wenye kaswende kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, uliwachukua watu waliopatikana kirahisi na wasiosikilizwa na yeyote.

Mfano wa hapa nyumbani ni mgumu zaidi kuuhukumu, na ndiyo maana unafaa kusomwa kwa makini. Katika miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi wilayani Rakai waliwafuatilia wanandoa 415 ambao mmoja wao tu alikuwa na virusi vya UKIMWI, na wenzi 90 waliokuwa salama wakaambukizwa katika kipindi hicho. Washiriki walipewa ushauri nasaha na kondomu bure, wakahimizwa kuwaeleza wenzi wao, lakini kwa sera ya nchi ya wakati ule uamuzi wa kusema ulibaki kwa aliyeambukizwa. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa zikipatikana vijijini. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2000 katika jarida la New England Journal of Medicine, mhariri wake Marcia Angell aliandika katika toleo hilo hilo kwamba utafiti wa namna hiyo usingefanyika Marekani. Kwa upande mwingine, matokeo yenyewe yalikuwa na faida kubwa, kwani yalionyesha kwamba hapakuwa na maambukizi pale ambapo virusi katika damu vilikuwa chini ya nakala 1,500 kwa mililita, na maarifa hayo yamechangia namna tunavyoelewa leo kwamba tiba huzuia maambukizi.

Kwa maoni yangu, anayewalaumu watafiti wale bila kutazama sera na uhaba wa dawa wa wakati ule hawatendei haki. Hata hivyo, mtu wa kufikiriwa zaidi katika kisa kile ni yule mwenzi ambaye hakuwa ameambukizwa: alikuwa ndani ya utafiti, na habari aliyoihitaji zaidi ili aamue lolote ilikuwa kwenye majalada ya watu wengine. Mtafiti wa leo aandike katika pendekezo lake, kabla ya kukutana na mshiriki wa kwanza, ni mambo gani ya hatari anayoweza kuyagundua, nani ataambiwa, kwa utaratibu upi, na tiba itatoka wapi. Asiyeweza kujibu hilo hajawa tayari kwenda uwandani.

Hatua ya tatu: vibali, na namna ya kuvibeba

Mlolongo wa vibali ni mrefu lakini unaeleweka. Pendekezo hupelekwa kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, UNCST, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990. Kamati hizo ziko katika vyuo vikuu kama Makerere, Mbarara na Gulu, na katika taasisi kama TASO, shirika linalowahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe. Kamati ikisharidhia, utafiti husajiliwa na UNCST kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Majaribio ya dawa au chanjo yanahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Utafiti ndani ya makazi ya wakimbizi unahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia masuala ya wakimbizi. Na wa gerezani unahitaji ruhusa ya uongozi wa magereza. Baada ya hapo unafika wilayani, na mwisho kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Dharura nayo haimwondolei mtu wajibu huu: Ebola aina ya Sudan ilipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza siku nne baadaye, na liliwezekana kwa sababu maandalizi yalikuwa yamefanywa kabla ya mlipuko.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba barua yenye muhuri, iliyokusudiwa kumlinda mshiriki, inaweza kumfunga. Mkimbizi akionyeshwa karatasi yenye nembo ya serikali kabla hata hajasalimiwa vizuri, anaisoma kama amri. Wapelekee viongozi nakala zao, na nakala yako ikae kwenye mkoba. Mshiriki akitaka kuiona, mwonyeshe, umweleze kwamba barua hiyo inakuruhusu wewe kuuliza na haimlazimishi yeye kujibu.

Hatua ya nne: pita kwa viongozi bila kuwapa uamuzi wa wengine

Huwezi kuingia kijijini bila mwenyekiti wa LC1, wala katika makazi ya wakimbizi bila komanda, yaani msimamizi wa makazi kwa niaba ya serikali, na kamati ya ustawi ya wakimbizi wenyewe. Heshima inadai waelezwe kila kitu mapema. Lakini kiongozi akishajua, mara nyingi hujitolea kukuletea watu, na watu walioletwa na kiongozi hawawezi kurudi nyumbani bila kuzungumza nawe. Omba atangaze tu kwamba upo, unafanya nini na unapatikana wapi, kisha chagua washiriki kwa utaratibu wako mwenyewe, na usimpe orodha ya waliokubali wala ya waliokataa. Akisisitiza kukaa kwenye mahojiano ili "kusaidia", mshukuru na uahirishe mahojiano.

Hatua ya tano: mazungumzo ya ridhaa

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayopewa muda mfupi kuliko zote. Fomu zilizo nyingi zimetafsiriwa kutoka Kiingereza sentensi kwa sentensi, zina kurasa nyingi, na husomwa kwa sauti moja kama tangazo. Iandike upya kwa Kiswahili cha kusikika, kisha wasomee watu wa eneo hilo wasiohusika na utafiti, wakueleze walichokielewa, uirekebishe na kuirudisha kwa kamati ya maadili iidhinishe toleo hilo. Kwa mfano, mama anayeulizwa kuhusu matibabu ya watoto katika makazi ya wakimbizi anaweza kuelezwa hivi:

"Habari za hapa, mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Sifanyi kazi na Ofisi ya Waziri Mkuu, wala na shirika linalogawa chakula, wala na wale wanaopanga watu kwenda nchi ya tatu. Ningependa unieleze unavyohangaika mtoto akiugua. Mazungumzo yatachukua kama saa moja. Tukimaliza, chakula chako hakitaongezeka wala hakitapungua, na jina lako sitaliandika. Usipotaka, niambie tu. Na ukichoka katikati, sema 'inatosha', nami nitafunga daftari na sitamweleza mtu kwamba ulikataa."

Baada ya hapo usiulize kama ameelewa, kwa kuwa jibu litakuwa "ndiyo, nimeelewa." Muulize hivi: "Sasa mama, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukikataa kuzungumza nami, nini kitatokea kwenye kadi yako?" Akijibu kwamba ataondolewa kwenye mgao, hana ridhaa ya kutoa bado, na unaanza tena kumweleza. Uliza pia utafiti unahusu nini, nani atasikia majibu yake, na afanyeje akitaka kuacha.

Jifunze kutambua kukataa kusikotamkwa. Watu wetu hawamwambii mgeni "sitaki" akiwa ameshakaribishwa kiti. Atasema mume wake hayupo, au kwamba mboga ziko jikoni, au kwamba urudi kesho. Atajibu kwa neno moja moja huku akimwita mtoto asiyehitajika. Kama amekuambia urudi, rudi mara moja tu. Ukirudi tena na tena mpaka akubali, umepata uchovu wake na wala hukupata ridhaa.

Kwa asiyejua kusoma, alama ya kidole gumba huwekwa mbele ya shahidi anayejua kusoma, aliyesikiliza maelezo tangu mwanzo, na asiyekuwa mmoja wa timu yako. Nisingependa shahidi huyo awe kiongozi wa mtaa, kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Ridhaa ya kurekodi sauti, ya kupiga picha na ya kuhifadhi damu kwa tafiti zijazo iombwe kila moja peke yake, ili mtu aweze kukubali kuzungumza huku akikataa kurekodiwa. Na pale ambapo karatasi yenye sahihi ndiyo kitu pekee kitakachomuunganisha mshiriki na jambo la hatari, iombe kamati ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo bila sahihi.

Hatua ya sita: watoto na vijana

Miongozo ya taifa inataka mzazi au mlezi aridhie kwa niaba ya aliye chini ya miaka 18, na mtoto mwenyewe, kuanzia umri wa miaka 8, akubali kwa lugha anayoielewa. Mtoto akikataa, ridhaa ya mzazi haitoshi. Kuna pia vijana wanaoweza kuridhia wenyewe: msichana mjamzito au mwenye mtoto, aliyeolewa, au anayejitegemea kimaisha.

Kipengele hicho ni cha busara, kwa kuwa kinamtambua msichana wa miaka 16 anayelea mtoto wake peke yake wilayani Kyegegwa, yaliko makazi ya Kyaka II. Lakini kuruhusiwa kuridhia hakumpi nguvu ya kukataa. Msichana huyo huenda anaishi kwa hisani ya shangazi, na shangazi ndiye aliyemwambia, "Nenda kaongee na wageni." Mpe siku ya kufikiri, na utafute mtu mzima ambaye msichana mwenyewe anamwamini, si yule anayemwamuru.

Hatua ya saba: malipo na manufaa

Mshiriki arudishiwe nauli ya boda boda na afidiwe muda alioupoteza shambani au sokoni, kwa kiasi kilichoidhinishwa na kamati ya maadili. Anayeacha katikati alipwe sawa na aliyemaliza, la sivyo malipo yanageuka kamba. Kiasi kinakuwa kikubwa mno pale kinapomfanya mtu akubali hatari ambayo angeikataa, na kwa kaya isiyo na unga hilo linaweza kutokea kwa sabuni na kilo mbili za sukari. Gerezani, usiahidi wala kuacha ionekane kwamba ushiriki utapunguza kifungo. Hospitalini, mweleze mgonjwa waziwazi ni kipi matibabu yake ya kawaida na kipi utafiti, na kwamba matibabu yataendelea hata akikataa. Ikiwezekana, anayeomba ridhaa asiwe daktari anayemtibu.

Hatua ya nane: maswali yanayoumiza

Wanawake waliotoka mashariki mwa Kongo wamesimulia ubakaji mara nyingi: wakati wa kujiandikisha, kwa mashirika, kwa waandishi wa habari. Kabla ya kumwomba mtu asimulie tena, tafuta kama jibu halipo tayari katika ripoti zilizotangulia. Kama ni lazima, kubaliana mapema na mshauri nasaha anayepatikana karibu na anayezungumza Kiswahili, uhakikishe kwamba anakubali kupokea watu, na ujue wanafikaje kwake. Mtu akianza kulia, simamisha maswali. Usiendelee kwa kisingizio kwamba anapunguza uchungu.

Usiahidi usiri usioweza kuutimiza. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawataka wahudumu wa afya, maafisa wa ustawi wa jamii na walimu kutoa taarifa wanaposhuku kwamba mtoto ananyanyaswa. Mipaka hiyo itajwe wakati wa kuomba ridhaa, kabla mtu hajafungua kinywa, ili aamue mwenyewe aseme nini.

Hatua ya tisa: majina, simu na nukuu

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya, maisha ya kimapenzi, imani na fedha kuwa za pekee, na inataka taasisi zinazokusanya taarifa binafsi zijiandikishe kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Katika kazi ya kila siku, taarifa huvuja kwa njia ndogo: picha ya dodoso iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la timu, simu ya msaidizi isiyo na namba ya siri, daftari lililosahauliwa kwenye teksi. Tenganisha majina na majibu tangu siku ya kwanza, orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani ikae kwa mtu mmoja, na sauti zifutwe kwenye simu zikishahamishwa mahali salama.

Kuna washiriki ambao taarifa ikivuja itawafikisha kituo cha polisi. Sheria ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilimtwika kila mtu wajibu wa kutoa taarifa. Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu hicho Aprili 2024, lakini adhabu nyingine zimebaki. Kwa watu hao, jina lisiandikwe popote, hata kwenye stakabadhi ya nauli, na mhasibu wa mradi akubaliane na utaratibu huo kabla kazi haijaanza, kwa kuwa wahasibu hupenda sahihi.

Angalia pia nukuu. Ukiandika "mkunga Mnyamulenge mwenye watoto saba, kijiji fulani," umemtaja, kwa sababu kijiji kizima kina mkunga mmoja wa aina hiyo. Badilisha au ondoa maelezo mpaka jirani yake asome bila kumjua.

Hatua ya kumi: wasaidizi wako

Mkalimani uliyemwajiri naye ni mkimbizi. Kesho wewe utarudi Kampala, yeye atabaki na majirani wanaojua kwamba amesikia siri zao. Mpe mkataba, mlipe kwa wakati, mfundishe usiri kwa mifano, na usimpangie kuwahoji watu wa mtaa wake wala wa upande ambao kabila lake limewahi kupigana nao. Naye pia ana haki ya kukataa mahojiano fulani bila kupoteza kazi.

Hatua ya kumi na moja: kurudisha matokeo

Rudisha matokeo kwa Kiswahili, kwa mdomo, kwenye mkutano wa kijiji, kabla ripoti haijafika kwa mfadhili, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Wasilisha matokeo ya jumla pekee, na usimwite mshiriki yeyote kusimama kutoa ushuhuda. Watakapopinga jambo, andika upinzani wao ndani ya ripoti. Watakapouliza, na watauliza, kama ripoti itawaongezea chakula, jibu ni lile lile ulilolitoa siku ya kwanza. Ubandike kwenye ubao wa ofisi ya LC1 na kituo cha afya namba ya simu ya kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti wako, ili mwenye malalamiko aipige bila kupitia kwako.